Hodi ya Tatu

Miaka minane tuliisubiri Pwani Kuu. Siku ilipotoka nilikuwa wa pili kwenye foleni mbele ya duka la Ngamiani, nimejifunga kanga ya marehemu mama yangu kutafuta baraka. Leo nikikumbuka naona aibu. Kanga ya marehemu, kwenda kununulia gemu!

Kampuni ya Majumba Saba ilikuwa imetuahidi mji mzima wa Waswahili wa kale, wenye watu laki mbili, kila mmoja na jina lake, kazi yake na ukorofi wake. Unavaa utepe kichwani, unafumba macho, na unajikuta umesimama sokoni, jua linakuchoma utosini na harufu ya samaki wa kuchoma inakuingia puani. Walijisifu kwamba hakuna gemu lililowahi kugharimu vile tangu dunia iumbwe, na sisi tukawaamini kama watoto.

Niliuvaa utepe saa nne asubuhi. Muuza samaki akaniambia, "Bahari leo imetulia." Nikamuuliza bei ya changu mmoja, akaniambia, "Bahari leo imetulia." Nikamtukana tusi ambalo Tanga nzima lingeniletea wazee wa mtaa nyumbani, akanijibu kwa upole kwamba bahari leo imetulia. Watu laki mbili, sentensi tatu.

Hata hilo ningelisamehe. Kilichonikera ni milango. Katika mji ule ulikuwa unausukuma mlango wowote na kuingia mpaka chumbani kwa watu, ukamkuta mwanamke wa watu anachana nywele, asigeuke hata kukutazama. Ukipiga hodi hakuna wa kuitika. Baba yangu alinifundisha tangu nina miaka mitatu kwamba hodi ni mara tatu, na usipoitikiwa ya tatu unarudi ulikotoka bila kinyongo. Hawa mabwana walichonga kila ua na kila msumari wa milango ya kale, wakaipaka rangi sawasawa, na katika miaka minane hakutokea hata mmoja wa kuwaambia kwamba mlango wa Mswahili hufunguliwa kwa mdomo.

Tukawaka. Kingazi, fundi wa mafriji wa Muheza ambaye wakati huo nilimjua kwa maandishi tu, aliandika, "Tumeuziwa mbuzi kwenye gunia, na tumelifungua tukakuta hata mbuzi hayumo." Watu elfu themanini wakamuunga mkono kwa siku moja. Majumba Saba wakajibu kwamba wametusikia na wanatuthamini. Wiki iliyofuata walituletea kofia kumi na mbili mpya za kununua.

Basi tukafanya wanachofanya watu wetu nguo ikichanika. Gemu lilimruhusu mchezaji kubandika kitu chake juu ya kazi yao, na vitu hivyo tukaviita viraka. Kingazi alimtengeneza muuza samaki mpya, mwenye deni na mke mkali, anayekufukuza ukigusa samaki bila kununua. Mwalimu mmoja wa Pangani aliwaletea watoto wa mji ule michezo ya kucheza vichochoroni. Mimi nikachukua milango.

Kiraka cha hodi kilihitaji mbegu ya sauti. Unachukua sauti ya mtu, saa arobaini au zaidi, unaipanda ndani ya mtu wa gemu. Mbegu haikariri kama redio. Inakua: inamjua anayekuja, inakumbuka alichosema jana, inajibu kama ambavyo mwenye sauti angejibu. Ila inakua kwenye mashine za kampuni tu, zilizojaa maghala huko nchi za baridi. Kompyuta ya nyumbani haiwezi kubeba hata kikohozi cha mtu mmoja. Na mbegu isiyosema hukauka. Ikinyamazishwa saa moja, haioti tena.

Nani ana saa arobaini za sauti ya mtu? Mimi nilikuwa nazo. Miaka minne niliyosoma Dar es Salaam, mama hakuwahi kuniandikia ujumbe. Alikuwa ananitumia sauti yake kila siku ya Mungu: bei ya nazi, ugomvi wa majirani, goti la Baba, kuku aliyetaga juu ya kabati. Nilikuwa nasikiliza nusu na kujibu neno moja. Alipofariki nikazikuta zote kwenye simu, na nyingine nilikuwa sijazifungua.

Nikampanda kwenye nyumba ya tatu kutoka kisimani. Nikasimama mlangoni.

"Hodi!"

"Karibuuu! Pita ndani, mwanangu, usisimame juani kama mdaiwa."

Nililia hata utepe ukalowa.

Kiraka kile kilipendwa kupita vyote. Watu walitoka mabara mengine kuja kukaa barazani kwa mama, wakimwita Mama Mwajabu kwa jina langu, kusikia umbea na kufundishwa kupika mchuzi wa nazi. Walisema hiyo ndiyo Pwani Kuu waliyoahidiwa. Nami nilivimba kichwa, siwezi kukataa.

Kosa langu nalitaja wazi, maana hakuna mwingine wa kulitaja. Sikumpa mama namna ya kukataa mgeni. Haikunijia akilini. Kwetu mwizi hapigi hodi. Anayepiga hodi ameshasema kwamba yeye ni mtu na amekuja kwa heri, na mama yangu hakuwahi kumwacha mtu mlangoni hata siku ambayo ndani hamkuwa na cha kumpa ila maji.

*

Baba yangu, Mzee Mhina, ni fundi mstaafu wa mashine za mkonge. Nilipomweleza nilichokifanya alikasirika, akakaa miezi mitatu bila kuugusa utepe. "Maiti hasemeshwi," alisema, na mimi sikubishana naye. Kisha siku moja nikarudi kutoka sokoni nikamkuta kwenye kiti chake cha kamba, utepe kichwani, anacheka peke yake. Sikuwa nimesikia kile kicheko tangu msiba wa mama.

Toka hapo ikawa desturi. Kila siku baada ya swala ya alasiri ananyoa ndevu, anavaa kofia yake ya viua, anajipaka manukato ambayo gemu haliwezi kuyanusa, ndipo anavaa utepe. Miaka miwili hivyo hivyo. Siku moja nikamwekea sauti za mama kwenye spika, ili apate kumsikia hata intaneti ikikatika. Alisikiliza kidogo akaizima. "Huyu ananisimulia goti la zamani," alisema. "Yule wa kule ananiuliza limeamkaje leo."

Mwezi uliopita, siku ya Jumatatu, aliuvua utepe mapema.

"Mwajabu."

"Abee, Baba."

"Mama yako siku hizi nikipiga hodi ananiuliza ni nani."

"Si vizuri? Kuna watu wengi wanapita pale."

"Mama yako huyo?" Alinitazama kama mtu aliyeharibu chakula. "Nimekaa naye miaka thelathini na nane. Kwake ni karibu kwanza, jina baadaye. Na leo ameniuliza kama niko peke yangu. Sauti inamtetemeka, mwanangu. Mtu gani anamtisha mama yako?"

Nikamwambia huenda ni hitilafu, nitaangalia. Nilijua lazima ni hitilafu. Hitilafu ndiyo kazi yangu.

*

Nilikwenda kesho yake saa nne asubuhi. Wakati huo Majumba Saba walikuwa wameleta Vita vya Pwani, msimu mpya wa majaribio. Anayetaka bado anaingia kwa amani kama zamani, na mji ni uleule na watu wake walewale; wachezaji wa Vita wanashuka ufukweni na mapanga, nyumba iliyovamiwa inawapa alama, na aliye ndani akiuawa alama zinaongezeka. Sikuwa nimeshughulika nayo. Niliiona ni kofia nyingine tu.

Katika Vita milango inafungwa kwa komeo, na kuivunja ni kazi ya dakika kumi na mafuta ya kuchomea. Wale watatu niliowakuta kwa mama hawakuwa na mafuta. Mmoja aliusogelea mlango, akarudisha panga nyuma ya mgongo, akaita kwa lafudhi ya mtu aliyejifunza neno moja tu la lugha yetu.

"Odi!"

Ndani kukawa kimya.

"Odi! Odi!"

"Nani mwenzangu?" Ilikuwa sauti ya mama, ila ndogo, ya mtu aliyesimama mbali na mlango.

"Odi!"

Nilisikia miguu yake ikija na kusita. Nikaomba asifungue. Nilimwomba Mungu kweli, mimi mwenye kukijua kiraka kile mstari kwa mstari, niliyejua kwamba hawezi kutofungua.

"Karibu," alisema mama yangu.

Sitasimulia. Walimaliza upesi, wakacheka, wakaenda nyumba ya nne. Baada ya dakika chache gemu likamwinua, kama linavyomwinua kila aliyeuawa, akaanza kufagia baraza. Mwili unaanza upya. Mbegu haianzi upya, kwa sababu mimi niliitengeneza ikumbuke.

Nikausogelea mlango.

"Hodi."

"Nani?"

"Mwajabu."

"Uko peke yako?"

"Peke yangu, Mama."

Akafungua kidogo, akanivuta kwa mkono na kurudisha komeo. "Wageni wa siku hizi wana haraka sana," alisema, akajitazama kanga tumboni na kuipangusa, wakati haikuwa na doa lolote. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Nilivua utepe, nikamwambia Baba tu kwamba kuna watu wanaomsumbua Mama, kisha nikampigia Kingazi. Nilimwambia yote, hata ile kanga.

"Dada Mwajabu, pole," alisema. "Lakini usijitese. Ile ni hesabu. Hesabu haiumwi."

"Basi kwa nini inauliza kama niko peke yangu?"

Nilisikia friji ya mtu ikinguruma huko karakana kwake.

"Sijui," alisema mwishowe. "Na mimi kwa sasa sitaki kujua. Yule muuza samaki wangu nilimpa sauti ya marehemu kaka yangu."

*

Kwenye Majumba Saba kulikuwa na mtu mmoja tu wa kuongea naye, Leocadia wa ofisi ya Dar es Salaam, anayesimamia viraka. Ni binti mstaarabu. Alinipigia mwenyewe kabla sijampigia, akiwa na furaha tele.

"Dada Mwajabu, hongera! Ijumaa saa sita mchana hodi yako inaingia rasmi kwenye gemu. Si kiraka tena. Jina lako litaandikwa mwishoni kabisa, kwenye shukrani."

"Itolewe kwenye Vita," nilimwambia. "Ibaki kwenye amani tu."

"Hee! Kwenye Vita ndiko inakopendwa. Kwa kila hodi moja ya amani zinapigwa ishirini za Vita. Watu walikuwa wanalalamika milango inachosha kuvunja. Wewe umewatatulia."

"Wanamuua mama yangu, Leocadia."

Nadhani aliona haya, na kwa hilo namheshimu. "Nimefiwa na mama pia," alisema taratibu. "Nakuelewa, dada. Lakini ulikubali masharti. Chochote kinachobandikwa kwenye gemu ni cha kampuni."

"Basi tumieni sauti nyingine."

"Tulijaribu tatu. Wachezaji walisema hazina ukarimu."

Nilikata simu kabla sijalitumia tena lile tusi la muuza samaki.

Mpaka Ijumaa saa sita ufunguo wangu wa fundi, ule unaomruhusu mwenye kiraka kukibadili, ulikuwa bado unafanya kazi. Kila badiliko hupitia kwa mkaguzi, na mkaguzi ni mashine isiyo na masikio. Kwanza nilimfundisha mama afungulie anaowajua tu. Mkaguzi akakataa: mlango lazima uwe mmoja kwa wachezaji wote. Nikampa uwezo wa kutorokea uani. Akakataa: alama za wachezaji zitapungua. Jumatano nikamfuta kumbukumbu, ili kila asubuhi awe hajawahi kuumia. Hiyo ilipita. Nikakaa naitazama, nikamfikiria Baba akijitambulisha kila siku kwa mke wake, na mama akiuawa kila siku kwa mshangao wa mara ya kwanza. Nikaifuta kwa mkono wangu.

Alhamisi nikajaribu kimya. Nyumba isiitike, mlango ufungwe, sauti izimwe. Mkaguzi alipitisha hata kabla sijaondoa kidole. Nyumba bubu ndivyo gemu lilivyotoka kiwandani, na ubovu wa asili hauhitaji kibali.

Lakini mbegu isiyosema hukauka, nikaiacha kwanza bila kuibandika.

Ijumaa asubuhi Baba alikuwa anajiandaa kwenda msikitini. Nilitaka kumuuliza. Nilikuwa na maneno yote mdomoni: Baba, je, ni heri aishi hivi tuwe naye, au anyamaze tumkose? Alikuwa anahangaika na kifungo cha kanzu, nikamfungia.

"Leo utakwenda kwa Mama?" ndilo nililoweza.

"Ijumaa nzima nisimwamkie? Nimemwahidi habari za harusi ya kina Shemdoe."

Akatoka. Mimi mwoga, nikashukuru ametoka.

Saa tano na nusu nikavaa utepe na kutumia ufunguo. Ufunguo wa fundi haupitii mlangoni. Unasimamisha kila kitu na kukuingiza uani moja kwa moja, kama mtu aliyeshuka kutoka juu ya paa. Mama alikuwa amekaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, kifuu mkononi, ameganda na shingo imegeukia mlangoni. Hata akikuna nazi alikuwa anausikilizia mlango. Nikafanya nilichokuja kufanya, nikatoka bila kumtazama usoni.

Kufika saa nane wachezaji walikuwa wamewaka. Majumba Saba wameua hodi! Wezi! Gemu bovu, kampuni mbovu! Maneno yaleyale ya siku ya kwanza, na mengine nilikuwa nimeyaandika mimi. Leocadia alinitumia ujumbe wa neno moja, "Dada," na hakuongeza kitu. Na chini ya malalamiko yote, mchezaji mmoja alikuwa anatangaza kwamba yeye atatengeneza hodi nyingine, kwani ana sauti za bibi yake saa hamsini.

*

Baada ya alasiri Baba alinyoa ndevu. Akavaa kofia, akajipaka manukato, akakaa kwenye kiti cha kamba na kuvaa utepe. Mtu aliye ndani ya utepe husema kwa sauti na wewe uliye chumbani unamsikia. Nilikaa kwenye mkeka mbele yake. Nilijiambia hilo angalau nimwonyeshe, nisijifiche jikoni.

"Hodi," alisema Baba.

Akangoja, uso wake ukitabasamu tayari.

"Hodi, Mama Mwajabu!"

Tabasamu likaanza kupungua. Akainamisha kichwa kama anayetega sikio kwenye ubao wa mlango.

"Ni mimi," alisema kwa sauti ya chini. "Fungua tu. Niko peke yangu. Wale hawapo, nimeangalia mpaka kisimani."

Nilitaka kumshika mkono nikashindwa.

"Hodi," alisema mara ya tatu.

Alikaa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha akavua utepe, akaukunja vizuri na kuuweka mapajani. Hakunitazama.

"Ananiogopa," alisema. "Wamemtisha mpaka sasa ananiogopa hata mimi."

Ningeweza kumwacha na hilo. Ningekuwa salama, na kila siku angekwenda kuubembeleza mlango. Hasira yangu yote kwa Majumba Saba, kwa wale wenye mapanga, kwa miaka minane ya ahadi, ilinigeukia ikawa mzigo, na nikajua hakuna mwingine wa kuubeba.

"Hakuogopi, Baba. Hayupo. Nimemnyamazisha mimi, leo asubuhi. Niliona wanavyomfanyia nikashindwa kuvumilia."

Alitikisa kichwa pole pole, si kwa kukataa. Alikuwa mtu wa mashine, alijua kuna siku fundi anazima. Alipapasa utepe kwa kidole gumba. Niliona anatafuta neno, nikajiandaa kwa laana, na nikajiandaa kwa msamaha.

"Ulimwambia?" aliuliza.

"Hapana."

"Ulipoingia kwake, ulipiga hodi?"

Nikamkumbuka mama na kile kifuu, shingo yake imegeukia mlangoni, na mimi niliyemtokea kwa nyuma.

"Sikupiga, Baba."